Paka wangu wa katuni kila mtu anamwita Mickey. Nimekosea wapi?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 21, nachora kwa simu na kalamu ya skrini ya bei rahisi. Nimekua nikiangalia katuni za zamani za Kimarekani, zile nyeusi na nyeupe, pamoja na Tom and Jerry na vichekesho vya Charlie Chaplin. Nataka mhusika wangu mwenyewe wa aina hiyo, nimtengenezee video fupifupi. Nimemchora paka ambaye ni konda wa daladala: mikono kama mpira, glavu nyeupe, macho meusi yenye kipande kilichokatwa. Nikimposti, wote wanasema 'huyo si Mickey?' Nimebadilisha masikio mara nne, nimemvisha shati la konda, bado. Isitoshe, akianguka kutoka mlangoni mwa gari hakuna anayecheka. Je, niachane na mtindo huu nitafute ambao haujawahi kuonekana? Na je, naweza kushitakiwa?"

Marahaba, karibu. Nimeangalia michoro na video uliyoambatanisha, na nikuondolee hofu ya kwanza mapema: mkono wako hauna tatizo. Mistari yako inakwenda bila kusitasita, na lile shati lililochomoka upande mmoja limenichekesha kabla sijasoma hata neno. Tatizo ni kwamba umemjenga paka wako kuanzia nje, kipande kwa kipande, na vipande vyote umeviazima nyumba moja. Ndiyo maana masikio mapya hayasaidii. Mwanafunzi aliyevaa sare akibadilisha soksi, mlinzi wa getini bado anajua ni wa shule gani.

Hilo neno "ambao haujawahi kuonekana" linawatesa wachoraji wengi wa umri wako, kwa hiyo tulimalize. Hao unaowapenda hawakuutafuta mtindo wa namna hiyo. Mweke Felix the Cat, aliyeanza mwaka 1919, karibu na Oswald, sungura wa Walt Disney wa mwaka 1927, kisha Mickey wa 1928. Utadhani ni watoto wa mama mmoja: mwili mweusi, kichwa cha duara, viungo vya mpira. Disney alimpoteza Oswald mwaka 1928 kwa sababu mkataba uliipa haki kampuni ya filamu ya Universal, si yule aliyemtengeneza. Akakaa na mwenzake Ub Iwerks, wakamchora mnyama mwingine. Ukiwafunika masikio Oswald na Mickey wa mwanzo, utapata kazi kuwatofautisha. (Disney walimrudisha Oswald mwaka 2006 kwa kubadilishana na mtangazaji wa michezo, Al Michaels. Mtu mzima na heshima zake, kabadilishwa na sungura.)

Sasa utaniuliza: kama wao walibadilisha masikio wakafanikiwa, mimi kosa langu nini? Kosa ni kwamba kwao kila kiungo kilikuwa na kazi, na kwako kimebaki pambo.

Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama ilivyo kawaida, mhusika mmoja anakula michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika, yote ya mkono. Mchoraji mwenye mzigo huo anatafuta umbo lisilomchelewesha. Felix wa mwanzo alikuwa na pembepembe. Mchoraji Bill Nolan ndiye aliyemviringisha miaka ya 1920, kwa sababu duara huchoreka upesi na halikosewi sana ukiligeuza. Mkono wa mpira hauna kiwiko, kwa hiyo hakuna kiwiko cha kukosea. Vidole vinne badala ya vitano vinaokoa kidole kimoja katika kila mchoro, na tena vitano kwenye kiganja kidogo cha mviringo huonekana kama kichane cha ndizi. Glavu nyeupe Mickey alizipata mwaka 1929, na moja ya faida zake ni kwamba mkono mweusi ukipita mbele ya kifua cheusi, pasipo rangi, mtazamaji hauoni.

Mwangalie paka wako sasa. Umempaka rangi ya machungwa, shati la bluu. Mkono wake unaonekana vizuri tu mbele ya kifua chake. Glavu zinafanya kazi gani hapo? Hakuna. Zinasema "mimi ni katuni ya zamani", basi, na mtazamaji akisikia hivyo anataja katuni ya zamani anayoijua.

Kuhusu glavu kuna jambo jingine, na sipendi ulisikie kwa kejeli siku umeshakuwa na wafuasi. Zile glavu nyeupe, mwili mweusi, mdomo mpana na macho ya kutoka havikutokana na wepesi wa kuchora peke yake. Marekani ya wakati ule ilikuwa na maonyesho ya jukwaani ambapo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuvaa glavu nyeupe ili kuwaigiza na kuwadhihaki watu weusi, na wachora katuni walichota humo. Kwa wengine haikufichwa hata kidogo: Bosko, aliyefungua mlango wa katuni za kampuni ya Warner mwaka 1930, alibuniwa kama mtoto mweusi wa dhihaka hiyo. Mwaka 1968 katuni 11 za Warner ziliondolewa kwenye televisheni kwa sababu ya namna zilivyowachora watu weusi. Sisemi usiziangalie katuni za enzi ile. Mimi naziangalia, na ufundi wake bado unanipiga butwaa. Ila glavu za masizi kumvisha konda wa daladala ni mzaha uliotugeuka sisi wenyewe, na kwa kuwa hazikusaidii kitu, zivue.

Ukishazivua, jiulize swali ambalo michoro yako yote haijalijibu: huyu paka ana kasoro gani? Konda ni kazi yake. Nauliza ana ugonjwa gani wa tabia, ule unaomtia matatani hata siku ambayo hakuna aliyemchokoza.

Sisi hili tulikuwa tunalijua vizuri mno. Wahusika wa gazeti la Sani walibeba kasoro zao kwenye majina: Ndumilakuwili, Lodi Lofa. Taifa Leo la Kenya lilikuwa na Juha Kalulu. Ukisikia jina umeshajua balaa litatokea upande gani, kilichobaki ni kuona litatokeaje leo. Chaplin naye, alipomvaa yule mzururaji wake mwaka 1914, alichagua nguo zinazogombana: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ndogo, na fimbo ya kibwanyenye. Masikini anayejiona muungwana. Ugomvi ule wa nguo ndio tabia yenyewe, na kila anguko linatokana na mtu kutetea heshima asiyokuwa na fedha ya kuitunza. Otto Messmer, mchoraji wa Felix, kabla ya hapo alikuwa akichora katuni za huyu huyu Chaplin. Aliyemwangalia mwanadamu yule kwa makini akampata paka. Wewe umewaangalia paka ukapata paka.

Kwa hiyo funga simu, nenda kituoni, kawaangalie makonda. Nikupe mfano wa nilichokiona mimi. Konda mzoefu hukunja noti kwa urefu akazibana katikati ya vidole, elfu moja moja huku, elfu mbili mbili kule, kiganja kinakuwa kama kipepeo. Mkono huo huo unachezesha sarafu, chwa chwa chwa, kumkumbusha abiria bila kusema neno. Mkono wa pili unagonga bodi kumwambia dereva twende. Na gari likishaondoka, yeye halipandi mara moja. Analiacha litembee kidogo, anatembea nalo pembeni kama hana habari, kisha anadandia dakika ya mwisho, kwa sababu wapo wanaomtazama.

Ona tulichokiokota hapo. Mkono wenye noti unahitaji vidole vyote vitano, virefu, vilivyotawanyika. Glavu imekufa yenyewe, na vidole vinne navyo kwaheri. Paka wako sasa ana kitu ambacho Mickey hana: kiganja kikubwa kuliko kichwa, kinachochanua noti. Halafu kasoro tumeipata: huyu ni mtu anayeamini gari haliwezi kumwacha. Mwili umfuate. Mimi ningempa kifua kilichotangulia, shingo ndefu, miguu mifupi mno kwa majivuno yake, lakini hiyo ni kalamu yangu, wewe utaona yako. Mkono wa mpira, ambao dakika tano zilizopita ulikuwa wa kuazima, sasa unaweza kubaki, kwa sababu una kazi: gari linaondoka, kiganja kimeng'ang'ania mlango, miguu bado iko kituoni, na mkono unavutika mtaa mzima.

Ukimaliza kuchora, mpake wote mweusi tii, mpunguze hadi awe saizi ya ukucha wa kidole gumba, mwonyeshe mtu wa nyumbani. Asipojua ni konda na anafanya nini, uso usitengeneze, tengeneza mkao. Na wiki moja chora kiroba cha sembe kilichojazwa nusu, bila macho wala mdomo: kimefurahi, kimechoka, kimeaibika, kinaruka. Ni zoezi la studio za Disney za zamani na sijaona la kulishinda. Kiroba kikibonyea lazima kitanuke pembeni, kikivutika lazima kisinyae kiunoni, maana unga uliomo ni ule ule. Paka wako anapotua chini anabonyea bila kutanuka, kwa hiyo jicho linamwona amepungua, kama mpira uliotoboka.

Sasa anguko ambalo halichekeshi. Nimehesabu fremu zako. Anaanza kuanguka tangu mwanzo wa video, anguko linachukua michoro 14, zaidi ya sekunde nzima, na akishagonga lami video imeisha. Umechora sehemu isiyochekesha kwa bidii sana, na zinazochekesha umezikata zote mbili.

Mwanadamu hucheka akiona balaa linakuja huku mwenye balaa hajui, na hucheka tena akiona mwenye balaa anavyojitahidi kuonekana kwamba hakuna kilichotokea. Katikati hapo, anguko lenyewe, ni kama nukta mwisho wa sentensi. Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za kimya, katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, anasimama mbele ya nyumba kwenye dhoruba. Ukuta mzima wa mbele unang'oka na kumwangukia, ila yeye amesimama sawasawa na tundu la dirisha, kwa hiyo ukuta unalala chini na yeye amebaki wima. Ulikuwa ukuta mzito wa kweli, na nafasi ya dirisha ilimpita kidogo tu. Sisi tunaona ukuta unaanza kuinama, yeye haoni. Uso wake haubadiliki, na hapo ndipo mbavu zinapouma.

Igawe upya namna hii. Tuonyeshe kwanza anachojivunia: anagonga bodi mara mbili, gari linaondoka, anatembea nalo huku akipanga noti. Mpe sekunde mbili nzima, tumjue. Kisha anarudi nyuma kidogo kujiandaa kuruka. Maandalizi hayo yapate michoro sita hivi, maana jicho lisipoandaliwa halioni kitu cha haraka. Anaruka, anashika hewa, mlango umeshapita. Hapo msimamishe. Michoro minane au tisa, yuko hewani, hajaanguka, anageuza macho kututazama sisi. Coyote wa mchora katuni Chuck Jones, yule anayemkimbiza Road Runner bila kumpata, tangu mwaka 1949, ameishi kwa nukta hiyo moja ya kugundua kwamba chini hakuna ardhi. Kisha anguko: michoro miwili, mitatu ikizidi. Mmoja wa kubonyea. Halafu kimya cha sekunde nzima, vumbi tu. Mkono unainuka kutoka kwenye vumbi, noti bado zimepangwa, hata moja haijakunjamana.

Bado kuna sababu moja ya watu kutocheka, na hii siyo ya ufundi. Konda kuanguka kutoka kwenye gari linalokwenda ni ajali ambayo wasomaji wetu wameiona kwa macho, wengine wamemzika ndugu. Katika video yako lami ni lami kweli, na breki za gari la nyuma umeziwekea sauti ya kweli. Mtazamaji ameshika kifua, atachekaje? Wachekeshaji wa zamani wa Italia walikuwa na fimbo ya mbao mbili nyembamba zinazogongana: ikimgusa mtu inatoa kishindo kikubwa, maumivu hakuna. Jina la Kiingereza la vichekesho vya kupigana na kuangushana, slapstick, limetoka kwenye fimbo hiyo. Mtazamaji lazima asikie kishindo na aamini hakuna aliyeumia. Kwa hiyo mapema kabisa, kabla ya anguko, tuonyeshe kwamba ulimwengu wako ni wa mpira: gari lenyewe lijibane kupita kwenye foleni, kibao cha kituo kipinde kumpisha abiria. Hilo tukilikubali, paka akitua hatutamwogopea.

Umeuliza kama uachane na mtindo. Nikujibu kwa uaminifu: mtindo wa mpira wa miaka ya 1920 na 1930 umerudi sana miaka hii, na soko lake limejaa. Ukibaki humo kwa nembo zake zote utakuwa mmoja katika foleni ndefu. Faida yake ni kwamba unafaa kwa mtu anayefanya kazi peke yake kwa simu, kwa sababu zile zile zilizowafaa wao: maumbo mepesi, viungo visivyo na kiwiko. Ningebaki na mwendo wake, yaani ile kunyumbuka na kupima muda, nikaacha sura yake: macho ya kipande, glavu, rangi ya kijivu ya filamu kuukuu. Wapo watakaokushauri uhamie mtindo wa Kijapani kwa kuwa ndio unaopendwa. Ukiupenda, sawa. Kuhama kwa kukimbia maoni ya watu hakutakusaidia, utamkuta mwingine wa kukuambia umeiga.

Kuhusu kushitakiwa. Mtindo hauna mwenyewe. Mikono ya mpira ni ya kila mtu, na paka anayeanguka ni wa kila mtu. Sheria inalinda mhusika mahususi kama alivyochorwa. Filamu za Mickey za mwaka 1928 zilitoka kwenye hakimiliki ya Marekani tarehe 1 Januari 2024, na za mwaka unaofuata zinafuata mwaka mmoja baadaye, lakini matoleo ya baadaye bado yanalindwa, na jina pamoja na sura yake ni alama ya biashara ya kampuni, jambo ambalo ni sheria nyingine kabisa. Tena hiyo ni Marekani. Muda wa ulinzi unatofautiana nchi na nchi. Konda tuliyemwona hapo juu hayuko karibu na hatari hiyo. Yule wa glavu uliyenitumia nisingemchapisha kwenye fulana za kuuza.

Hatari kubwa kwako iko upande wa pili, ile iliyompata Disney mwenyewe kwa Oswald. Siku video ikipendwa atakuja mtu mwenye kampuni ya vocha au juisi akiwa na karatasi ya kusaini. Usisaini siku hiyo hiyo. Kazi yako inalindwa tangu ulipoichora, kwa sheria ya mwaka 1999 ukiwa Tanzania bara, lakini ushahidi ni muhimu: tunza michoro ya awali yenye tarehe, na nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili. Ukiwa Kenya, nenda KECOBO, ofisi ya kule ya kazi hiyo hiyo. Mkataba wowote wenye maneno ya kuhamisha haki zote, au haki za daima, mpelekee wakili ausome mbele yako. Hilo siwezi kukufanyia kwa barua, na fedha ya wakili hapo si hasara.

Ana kwa ana utafute pia watu wa kuchora nao. Ukiwa Dar es Salaam, Nafasi Art Space pale Mikocheni huwa na wasanii na mafunzo. Popote ulipo, wachoraji wawili wanaokutana kila Jumamosi na daftari wanatosha. Na jambo ambalo hukuliuliza ila nimeliona kwenye barua: umeandika mahali kwamba ukichora usiku vidole "vinakufa ganzi, vinarudi asubuhi". Usilizoee hilo. Skrini ndogo inakufanya uchore kwa kifundo cha mkono badala ya bega, na mshipa wa neva unabanwa. Pumzika kila baada ya nusu saa, weka simu kwenye kitu kilichoinuka, na mazoezi ya viroba yafanyie kwenye karatasi kubwa kwa mkono mzima. Ganzi ikiendelea zaidi ya wiki mbili, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali ukamwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kalamu ya pili inanunuliwa.

Jina la paka usilipe haraka, nimeona umeorodhesha kumi na moja. Mwangushe kwanza mara ishirini kwa michoro ya haraka, mbaya mbaya, kila mara kwa ujinga wake mwenyewe. Lile utakalomwita kwa hasira mara ya kumi na tisa, akigoma kukaa sawa kwenye karatasi, niandikie nilione.